Florida: Kifungo Kimekwisha, Deni la Kura Limebaki

Jumanne ya Novemba 5, 2024 Donald Trump aliingia kituo cha kupigia kura mjini Palm Beach, jimbo la Florida, akapiga kura yake na kutoka. Miezi mitano kabla ya hapo, jopo la raia mjini New York lilikuwa limemtia hatiani kwa makosa 34 ya jinai. Watu wengi, ndani na nje ya Marekani, waliuliza inakuwaje mtu huyo apige kura katika jimbo linalojulikana kwa ukali wake dhidi ya waliotiwa hatiani.

Jibu lilikuwa kwenye sheria yenyewe. Florida inasema aliyetiwa hatiani katika jimbo jingine atafuata masharti ya jimbo hilo. New York nayo, tangu 2021, inamnyima kura yule tu aliyeko gerezani kwa wakati huo, na Trump hakuwa gerezani. Angetiwa hatiani na mahakama ya Florida, habari ingekuwa nyingine: angetakiwa kumaliza adhabu yote, pamoja na kulipa kila senti aliyoagizwa na mahakama. Siku hiyohiyo, mamia ya maelfu ya wakazi wa Florida waliokwisha kutoka gerezani walibaki nyumbani kwa sababu hiyo ya pili. Hawakuwa na kifungo tena. Walikuwa wanadaiwa.

Katika Florida faini haijawahi kuwa faini tu, na hilo lina historia ndefu.

Wazo la kumnyima mkosaji haki za uraia halikuzaliwa Marekani. Waingereza walikuwa nalo tangu zamani: aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa alihesabiwa kama mfu mbele ya sheria, mali yake ikachukuliwa na sauti yake ikazimwa. Walowezi walivuka nalo bahari. Kwa miongo mingi, hata hivyo, sheria hizo ziliwagusa watu wachache, kwa kuwa waliokuwa na kura walikuwa wachache vilevile: wanaume weupe.

Mambo yalibadilika baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyomalizika 1865. Watumwa waliachwa huru, na mwaka 1867 Bunge la Marekani likayalazimisha majimbo ya kusini yaliyoasi kuwapa wanaume weusi haki ya kupiga kura kabla ya kurudishwa kwenye Muungano. Florida ilitii. Katiba yake ya 1868 ilitoa haki hiyo, na katiba hiyohiyo ikawaondoa kwenye daftari wote waliotiwa hatiani kwa makosa makubwa ya jinai. Tena ikaliruhusu bunge la jimbo kuwaengua waliohukumiwa kwa wizi. Kilichotolewa kwa mkono wa kulia kilikuwa kinarudishwa kidogokidogo kwa mkono wa kushoto, maana ni nani aliyekuwa akikamatwa? Tayari jimbo lilikuwa limepitisha sheria za uzururaji ambazo zilimfanya mtu mweusi asiye na mwajiri kuwa mhalifu kwa kusimama tu barabarani. Mississippi baadaye haikujisumbua hata kuficha. Katiba yake ya 1890 ilichagua makosa ambayo wazungu waliamini kuwa ni ya watu weusi, na mahakama kuu ya jimbo ikalieleza hilo waziwazi mwaka 1896 bila aibu.

Kutiwa hatiani kulikuwa na faida nyingine kwa wakubwa. Kuanzia 1877 Florida ilikodisha wafungwa wake kwa makampuni. Walipelekwa kwenye machimbo ya fosfeti na kwenye misitu ya misonobari, ambako waligema utomvu wa kutengenezea tapentaini wakiwa wamesimama ndani ya maji ya vinamasi. Wengi wao walikuwa weusi, na vifo vyao havikutikisa mtu. Kilichotikisa ni kifo cha kijana mweupe. Martin Tabert, kutoka North Dakota, alikamatwa mwishoni mwa 1921 karibu na Tallahassee, mji mkuu wa Florida, akisafiri kwa treni bila tiketi. Alitozwa faini ya dola 25 na hakuwa nazo. Familia yake ilipotuma pesa, barua ilirudishwa na ofisi ya mkuu wa polisi wa kaunti: kijana alikwisha kupelekwa kwenye kambi ya kampuni ya mbao. Huko alichapwa mijeledi hadi akafa, Februari 1922. Gazeti la New York World lilipoianika habari hiyo, nchi ilighadhibika, na mwaka 1923 Florida ikafuta ukodishaji wa wafungwa. Dola 25 ndizo zilizomuua. Msomaji aishike hesabu hiyo, kwa sababu miaka karibu mia moja baadaye jimbo hilohilo litarudi kwenye suala la faini isiyolipika.

Kodi ya kupigia kura, iliyokuwa silaha nyingine ya kuwazuia maskini, Florida iliifuta 1937, na Marekebisho ya 24 ya Katiba ya Marekani yakaipiga marufuku kwenye chaguzi za kitaifa mwaka 1964. Kifungu cha wahukumiwa hakikuguswa. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Richardson dhidi ya Ramirez kutoka California, iliamua kwamba majimbo yana ruhusa ya kuwanyima kura waliotiwa hatiani hata baada ya kumaliza adhabu. Kwa majimbo kama Florida hiyo ilikuwa baraka kamili.

Dunia iliigundua Florida mwaka 2000. George W. Bush alimshinda Al Gore katika jimbo hilo kwa kura 537, na kwa kura hizo akapata urais. Watu zaidi ya laki saba jimboni hawakuruhusiwa kupiga kura kwa sababu ya hatia za nyuma. Mbaya zaidi, orodha iliyotumika kusafisha daftari iliwaengua na watu ambao hawakuwa na hatia yoyote, ila majina yao yalifanana na ya wahalifu.

Njia pekee ya kurudishiwa haki ilikuwa kuomba msamaha kwa gavana. Charlie Crist, Mrepublican, alilegeza masharti mwaka 2007, na zaidi ya watu 150,000 wakarudishiwa kura zao. Rick Scott alipoingia 2011 akakaza upya: miaka mitano au saba ya kusubiri kabla hata ya kuomba, kisha safari ya kwenda Tallahassee kusimama mbele ya bodi ya watu wanne, gavana akiwa mwenyekiti. Waliorudishiwa haki chini yake kwa miaka minane walikuwa kama elfu tatu tu.

Kikao kimoja cha bodi hiyo kinatosha kuonyesha ilivyofanya kazi. Mwaka 2013 mwanamume mweupe alikiri kwamba mwaka 2010 alipiga kura kinyume cha sheria, na aliyempigia alikuwa Scott mwenyewe. Gavana alicheka. Muda mfupi baadaye akamrudishia haki zake. Wengine waliokiri kosa hilohilo walinyimwa. Jaji Mark Walker wa mahakama ya shirikisho alikisimulia kisa hicho katika uamuzi wake wa Februari 2018, alipoutangaza utaratibu huo kuwa unakiuka katiba. Scott alikata rufaa, na kesi ikaendelea kuburuzwa.

Wakati huo tayari kulikuwa na mtu aliyeamua kutowasubiri magavana wala majaji. Desmond Meade alifungwa kwa makosa ya dawa za kulevya na silaha, akatoka, akawa hana makazi, na mwaka 2005 alisimama kando ya reli mjini Miami akisubiri treni imkanyage. Treni haikuja. Alivuka reli, akajiandikisha kwenye kituo cha kutibu uraibu, akasoma hadi akapata shahada ya sheria mwaka 2014, lakini hakuruhusiwa kuwa wakili. Mwaka 2016 mkewe aligombea ubunge wa jimbo, na Meade hakuweza kumpigia kura. Akiwa mkuu wa muungano wa wahukumiwa wanaodai haki zao, aliizunguka Florida akikusanya sahihi. Zilihitajika 766,200 ili wananchi waulizwe kama katiba ibadilishwe, na zilivuka idadi hiyo.

Mbinu ya Meade ilikuwa kuliondoa jambo hili kwenye vyama. Aliwakumbusha wasikilizaji kwamba kila familia ina mtu wake aliyewahi kuteleza, na theluthi moja hivi tu ya waliofungiwa nje ndio walikuwa weusi. Novemba 6, 2018 Marekebisho ya 4 ya katiba ya jimbo yalipitishwa kwa karibu asilimia 65, kura zaidi ya milioni 5.1. Siku hiyo Ron DeSantis alichaguliwa kuwa gavana kwa kura takriban milioni 4.1. Hakuna mgombea aliyepata kura nyingi kama suala hilo. Watu milioni 1.4 hivi walitarajiwa kurudi kwenye daftari, isipokuwa waliotiwa hatiani kwa mauaji au makosa ya ngono. Januari 8, 2019 Meade alijiandikisha mjini Orlando akiwa na familia yake.

Furaha ilidumu chini ya miezi sita. Katiba ilisema haki inarudi baada ya kumaliza masharti yote ya adhabu. Bunge la jimbo, likiongozwa na Warepublican, lilitunga sheria inayohesabu faini, fidia na ada zote za mahakama kuwa sehemu ya masharti hayo, na DeSantis akaisaini Juni 28, 2019. Tuwe wa haki: hawakulitoa hewani. Wakili wa upande wa Meade alikuwa ameiambia mahakama ya jimbo mwaka 2017 kwamba masharti hayo yanagusa na malipo. Lakini kukubali neno mahakamani ni jambo moja, na kumtaka mtu alipe deni ambalo serikali yenyewe haiwezi kumtajia ni jambo jingine kabisa.

Florida ina kaunti 67, na kila moja ina karani wake wa mahakama na vitabu vyake, vingine vya miaka ya nyuma mno. Hapakuwa na daftari moja la kuonyesha nani anadaiwa kiasi gani. Katika kesi iliyosikilizwa na Jaji Robert Hinkle, profesa na wanafunzi wake wa uzamivu walifuatilia kwa bidii madeni ya watu 153 waliochaguliwa kwa kubahatisha. Ni watatu tu ambao kumbukumbu zao hazikugongana. Ushahidi ulionyesha pia kwamba zaidi ya watu laki saba walikuwa wamemaliza adhabu nyingine zote na walizuiwa na pesa peke yake. Mei 2020 Hinkle aliuita mpango huo mfumo wa kulipia kura na kuupinga. Septemba 11, 2020, wiki chache kabla ya uchaguzi, Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya 11 ilimpindua, majaji sita kwa wanne. Mkono mtupu haulambwi, na sasa hata kura haupigi.

Agosti 2022 DeSantis aliwatangaza watu 20 kuwa wamekamatwa kwa kupiga kura bila haki. Video za polisi zilizotoka baadaye zilionyesha watu wa makamo wakifungwa pingu mbele ya nyumba zao, wakiuliza kwa mshangao mbona walipewa kadi za mpigakura. Walipewa kweli. Serikali ilizipokea fomu zao, ikazipitisha, ikawaacha wapige kura, kisha ikaja kuwakamata.

Kwetu Afrika Mashariki mjadala umekuwa wa namna nyingine. Kenya iliwaruhusu wafungwa kushiriki kura ya maoni ya katiba Agosti 4, 2010, na sasa humchagua rais wakiwa gerezani. Nchini Tanzania, Mahakama Kuu ilitamka Desemba 2022 kwamba kifungu kilichowanyima kura waliofungwa zaidi ya miezi sita kinakwenda kinyume na katiba. Tumebishana juu ya aliyeko ndani. Ukiacha Kenya inavyowazuia kwa miaka mitano waliotiwa hatiani kwa makosa ya uchaguzi, hatukumfuata mtu nyumbani baada ya kifungo tukiwa na stakabadhi ya faini. Majimbo ya Maine na Vermont, hukohuko Marekani, hayamnyimi kura hata mfungwa, na chaguzi zao hazijaharibika.

Kwa makadirio ya mwaka 2024 ya shirika la utafiti la The Sentencing Project, karibu watu milioni moja wa Florida hawakuruhusiwa kupiga kura. Wengi wao wamekwisha kutumikia vifungo vyao, na kinachowazuia ni deni. Wananchi milioni 5.1 walikwisha kusema wanachotaka, na bunge lao lilikataa kuwasikia.