UZI: Nani anafika mlimani? Historia fupi ya matatu, baiskeli na vilima vya Machakos

1/ Kila msimu wa siasa hapa Machakos lazima usikie ahadi mbili. Ya kwanza: "Tutaleta utalii wa milimani." Ya pili: "Tutaweka lami." Swali la katikati huwa haliulizwi: huyo mgeni asiye na gari atafikaje huko juu? Leo tulichambue hilo. Sheria ya nyuzi zangu ni ile ile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunachambua suala.

2/ Kwa wageni: mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, naishi Machakos, nina baiskeli ya milimani ya mtumba na sina gari. Wengi ninaoendesha nao wako hivyo hivyo. Sisi wa hapa mjini tuna bahati, Iveti iko pale juu, Kiima Kimwe inatuangalia, tunapanda kwa pedali zetu. Lakini marafiki zetu wa Nairobi, kilomita 60 na kitu kutoka hapa, wakiuliza watakujaje na baiskeli, jibu ni moja: "Tafuta mtu mwenye gari." Ndiyo maana mchezo huu unaonekana wa matajiri. Baiskeli ya mtumba kijana anaweza kujikusanyia pesa akanunua. Gari la kuibeba ndilo linalomshinda.

3/ Sasa turudi nyuma kidogo, maana hili suala ni la zamani kuliko baiskeli zenyewe. Machakos ilikuwa mji kabla ya Nairobi. Jina lenyewe linatokana na Masaku, mzee na mtabiri wa Wakamba. Kampuni ya Waingereza ya Imperial British East Africa iliweka kituo chake hapa mwishoni mwa miaka ya 1880, na misafara ya kutoka pwani ilikuwa ikipita huku kujaza chakula.

4/ Kisha reli ikaja. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896. Ilipofika Ukambani haikupanda vilima vyetu. Ilipita uwandani, upande wa Konza na Athi River, ikafika Nairobi mwaka 1899. Mwaka huo huo makao ya utawala wa Ukamba yakahamishwa kutoka Machakos kwenda Nairobi, mahali ambapo miaka michache kabla palikuwa kinamasi tu. Hadi leo hakuna treni inayoingia Machakos mjini. Mtu akikwambia usafiri ni jambo dogo, mwonyeshe mji uliopoteza makao kwa sababu reli ilipita kando.

5/ Swali la pili la historia: vilima ni vya nani? Mua ilichukuliwa na walowezi, Wakamba wakabanwa kwenye eneo la hifadhi pamoja na mifugo yao. Ardhi ikachoka, mmomonyoko ukaanza. Badala ya kuuliza kwa nini watu wamebanana, serikali ya kikoloni ikasema ng'ombe ni wengi mno. Mwaka 1938 ikaanza kuwanyang'anya watu mifugo kwa lazima na kuiuza kwa bei ya kutupa. Kiwanda cha nyama cha Liebig's kilikuwa kimefunguliwa Athi River wakati huo huo.

6/ Wakamba walifunga safari, wanaume, wanawake na watoto, wakapiga kambi Nairobi kwa wiki kadhaa wakidai kumwona gavana. Kiongozi wao alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Simtaji kwa sababu ya sheria ya uzi, ila kuna mtaa katikati ya Nairobi wenye jina lake, nyote mmepita hapo. Mwisho wa yote serikali ilirudi nyuma, ule uuzaji wa lazima ukasimamishwa.

7/ Kilichookoa vilima baadaye kilikuwa jembe na mwethya, yaani vikundi vya kazi ya pamoja. Watu walichimba matuta kilima baada ya kilima, wakisukuma udongo kwenda juu ya mtaro. Mtindo huo unaitwa "fanya juu", na wataalamu wa kilimo duniani wanautaja kwa jina hilo hilo la Kiswahili. Kwa hiyo ukishuka Iveti na baiskeli, ujue unapita kwenye jasho la bibi wa mtu. Njia tunazoziita za baiskeli ni njia za watu za kwenda shambani, kisimani, shuleni na kanisani. Hilo nitalirudia mbele.

8/ Tuje kwenye matatu. Jina linatokana na mapeni matatu, senti 30, nauli ya zamani. Kwa miaka mingi zilikuwa zinabeba abiria kinyume cha sheria. Mwaka 1973 tamko la rais likaziruhusu kubeba watu bila leseni maalum za usafiri. Mwaka 1984 sheria ya trafiki ikarekebishwa ili zitambuliwe na kukaguliwa. Angalia kilichotokea hapo: serikali haikujenga usafiri wa umma. Iliruhusu wananchi wajijengee, halafu ikabaki na kazi ya kutoza, kukagua na kukamata.

9/ Mabasi ya mashambani ya zamani yalikuwa na keria kubwa juu na ngazi nyuma. Wazee wa hapa watawaambia: magodoro, vitanda, kuku, magunia ya maembe, na baiskeli, zote zilipanda. Tanboi alikuwa anazifunga kwa kamba, unashuka steji yako, anakuteremshia. Kwa hivyo anayesema kupandisha baiskeli kwenye gari la abiria ni mambo ya kizungu, hajaongea na babake.

10/ Ni nini kilibadilika? Kwanza, matatu za viti 14 zilichukua njia nyingi, na nyingi hazina keria. Pili, kanuni za mwaka 2004: mikanda kwa kila abiria, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano, na marufuku ya kujaza watu kupita kiasi. Nyingi ya kanuni hizo naziunga mkono, ziliwekwa kwa sababu watu walikuwa wanakufa. Lakini zilikuwa na matokeo ya pembeni: nafasi ndani ya gari sasa inahesabiwa kwa viti. Baiskeli ikiingia, viti vinapotea, na makanga ana hesabu ya siku ya kumpelekea mwenye gari.

11/ Ndiyo maana siwalaumu makanga hata kidogo. Mimi nimewahi kulipishwa nauli ya watu wawili kwa baiskeli moja, siku nyingine nauli moja, siku nyingine nikaachwa steji na jua likitua. Gari tofauti, bei tofauti, kulingana na hali ya hewa na sura yako. Tatizo ni kwamba hakuna bei iliyokubaliwa. Na pasipo na bei, mnyonge ndiye hulipa zaidi.

12/ "Basi endesha baiskeli kutoka Nairobi." Sawa, nimeisikia hiyo. Barabara ya Mombasa ina malori usiku na mchana. Ile Nairobi Expressway ya kulipia, kilomita 27, inaanzia Mlolongo, ambayo iko ndani ya Kaunti ya Machakos. Ilifunguliwa mwaka 2022. Baiskeli hairuhusiwi kupanda, boda hairuhusiwi, tuktuk hairuhusiwi, mtembea kwa miguu ndiyo kabisa. Mtu wa Mlolongo asiye na gari anaitazama kutoka chini. Sisemi ibomolewe. Nasema barabara ni uamuzi wa kisiasa unaoonekana kwa macho: unaona kabisa ni nani aliyefikiriwa.

13/ Mfano ulio hapa hapa Kenya: Hell's Gate, Naivasha. Ni mbuga ya kitaifa tangu 1984, na ni kati ya chache ambazo unaruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli ndani. Unapanda matatu Nairobi hadi Naivasha, unaunganisha nyingine ya kufuata ziwa upande wa kusini, unashuka njia panda, unakodi baiskeli kwa vijana wa pale, unaingia. Hakuna aliyebeba baiskeli kwenye gari. Baiskeli zinaishi huko, na pesa ya kukodi inabaki huko.

14/ Nje ya nchi: Uswisi, mabasi ya posta yanayopanda milimani hubeba baiskeli, na bei iko wazi. Marekani, King County ambako ndiko Seattle iliko, ilianzisha mwaka 2017 mabasi ya kupeleka watu hadi pale njia za milimani zinapoanzia, na mabasi ya kawaida ya kaunti hiyo yana keria ya baiskeli mbele. Lakini wale wana serikali inayomiliki mabasi au kuyalipia. Sisi tuna sacco. Kunakili haitoshi, lazima tuanze na tulicho nacho.

15/ Tulicho nacho ni nini? Tangu kanuni za NTSA za mwaka 2014, matatu lazima iwe chini ya sacco au kampuni. Maana yake kuna mtu wa kuketi naye mezani. Huwezi kujadiliana na makanga 200, lakini unaweza kujadiliana na viongozi wa sacco: baiskeli moja ni shilingi ngapi, gari lipi lifungwe keria, na lipi litoke Nairobi asubuhi ya Jumamosi na Jumapili.

16/ Na Katiba ya 2010? Jedwali la Nne, sehemu ya pili, linaipa kaunti barabara za kaunti, usafiri wa umma wa barabarani, utalii wa ndani, michezo na bustani za burudani. Linaipa pia utekelezaji wa sera za taifa kuhusu udongo, maji na misitu. Kifungu cha 62 kinataja misitu ya serikali kuwa ardhi ya umma. Kwa hiyo mgombea wa kaunti akikwambia "hilo ni la serikali kuu", mwombe alisome Jedwali la Nne polepole.

17/ Hoja ya upinzani, na ni hoja nzito: "Watu hawana maji, nyinyi mnataka keria za baiskeli?" Mimi ni wa hapa, mitungi naijua. Ingekuwa tunaomba lami mpya hadi kileleni, ningewapa haki. Tunachoomba ni makubaliano ya bei, ubao wa kuiandika pale steji, na keria kwenye magari machache. Keria ikishafungwa haiulizi umebeba nini. Itabeba maembe ya mama wa soko, itabeba baiskeli ya fundi anayetafuta kibarua mji mwingine. Tukiikataa kwa sababu tumeiona ni ya wanamichezo, tumewanyima hao pia.

18/ Hoja ya pili: "Mkija wengi mtaharibu mashamba." Hii nayo ni ya kweli. Tairi likikata tuta la fanya juu, mvua ya Novemba inamalizia kazi. Kwa hiyo wenye mashamba wawe wa kwanza kuulizwa. Njia zichaguliwe pamoja nao, zifuate vijia vilivyopo, na sehemu fulani zifungwe msimu wa mvua. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inatambua vyama vya jamii za misitu, kwa hivyo mahali pa kukaa kuzungumza pako. Na tusisahau Mua: vilima hivi vimewahi kufungiwa wenyeji ili wengine wafurahie. Utalii ukija kwa magari ya kupita tu, wanaegesha, wanapiga picha, wanaondoka bila kununua hata chai, historia inajirudia kwa nguo mpya.

19/ Hapo ndipo usafiri wa umma unapobadilisha hesabu. Anayekuja na gari lake amebeba maji, chakula na vifaa kutoka Nairobi. Anayekuja na matatu anashuka mjini, anakula mjini, anapanda boda hadi mlimani au anakodi baiskeli, na akipasua tairi anatafuta fundi wetu. Mwishoni mwa miaka ya 2000 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo, na mnaona boda zilivyojaa. Uamuzi mmoja wa ushuru ulitosha kubadilisha jinsi nchi inavyotembea. Uamuzi mdogo kuhusu baiskeli nao unaweza kufanya kitu.

20/ Msimamo wangu: mtindo wa Naivasha kwa wageni wa mara ya kwanza, yaani banda la kukodi karibu na steji, linaloendeshwa na vijana wa hapa. Lakini Iveti ina miteremko mikali, na baiskeli ya kukodi yenye breki za kubahatisha itatuletea msiba. Banda likaguliwe. Kwa wenye baiskeli zao, keria na bei moja iliyoandikwa. Tukichagua banda peke yake, yule kijana wa Nairobi mwenye baiskeli ya mtumba bado anabaki nyumbani.

21/ Sasa kazi yenu. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kila kaunti hupelekwa bungeni kwake kabla ya Septemba 1. Makadirio ya bajeti, kabla ya Aprili 30. Kabla ya hapo lazima kuwe na ushiriki wa umma. Wengi wetu huwa hatuendi, halafu tunalia hapa mtandaoni. Nenda, uliza maswali matatu tu:
• Kwenye ahadi ya utalii wa milimani, asiye na gari amepangiwa nini?
• Kaunti imewahi kuketi na sacco kuhusu bei ya mizigo na baiskeli?
• Wenye mashamba ya Iveti na Mua wameulizwa, na watapata nini?

22/ Mgombea akiyajibu vizuri, haijalishi rangi ya fulana yake. Akikujibu "tutaweka lami", mkumbushe mwaka 1899: njia kubwa kabisa ilipita karibu na Machakos, na Machakos ikaachwa hapo hapo ilipokuwa. Mwisho wa uzi. Msambazieni makanga mmoja na MCA mmoja.