Jina Lililo Kwenye Sweta

Kila asubuhi pale Jogoo Road makanga anaita mitaa kama mwalimu anayesoma rejista: Maringo, Jericho, Mbotela. Tunapanda, tunalipa, tunashuka. Mwanafunzi wa Ofafa Jericho anapita na jina la mtu kwenye sweta, siku tano kwa wiki. Mimi nimekulia huku, nikafika hadi chuo, nikaacha mwaka wa pili. Katika miaka yote hiyo ya kukaa darasani, sikuwahi kuambiwa Ofafa alikuwa nani.

Basi ni hivi. Ambrose Ofafa alikuwa mfanyabiashara, diwani wa jiji la Nairobi, na mweka hazina wa Luo Union. Hiyo kazi ya mwisho ndiyo inayonishika zaidi. Fikiria biashara ya Mwafrika wakati huo. Tangu miaka ya 1920 sheria ya mkoloni ilifanya deni la zaidi ya shilingi 200 kwa Mwafrika kuwa gumu kudaiwa mahakamani bila idhini ya ofisa wa serikali. Kwa hivyo nani angekukopesha? Ukitaka duka, ilibidi watu wachange. Oginga Odinga alianzisha kampuni ya Luo Thrift and Trading mwaka 1947 kwa wazo hilo hilo: shilingi yako na yangu. Leo tunaita chama, na kila mtu anajua chama huvunjikia wapi. Huvunjikia kwa mweka hazina. Kushikishwa pesa za watu waliotawanyika Afrika Mashariki nzima ilikuwa ni kuaminiwa kikweli.

Luo Union ilizika wafu, ikasaidia wageni mjini, ikachangisha pesa. Haikuwa ya malaika pia. Iliwahi kuwasaka wanawake iliodhani wanaliaibisha kabila mjini na kuwarudisha nyumbani kwa nguvu. Hiyo nayo ni historia yetu, tusiifagilie chini ya mkeka.

Kisha ikaja Oktoba 1952 na hali ya hatari. Mwezi uliofuata aliuawa Tom Mbotela, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa KAU na ambaye alikuwa akipinga Mau Mau waziwazi. Mwaka 1953 Ofafa naye akauawa, Kaloleni. Lawama zikaelekezwa kwa Mau Mau.

Hapa ndipo stori inakuwa ngumu, na nadhani ndiyo maana watu huiruka. Sisi tumelelewa tukijua Mau Mau ni mashujaa, na mimi sijabadilisha mawazo. Lakini kwa wapiganaji wa Nairobi, Mwafrika aliyekaa kwenye baraza la mkoloni angeweza kuonekana msaliti, na madiwani Waafrika wakati huo waliteuliwa, hawakupigiwa kura. Kwa majirani zake huyo huyo alikuwa mtu wa kuendewa ukiwa na shida. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli kuhusu mtu mmoja.

Fikiria Kaloleni wiki hiyo. Mkubwa wa Wajaluo ameuawa, na vidole vyote vinawaelekea Wakikuyu. Serikali ingefurahi sana kuona Waafrika wakikatana wao kwa wao. Luo Union walichagua njia nyingine: walichanga. Odinga, aliyekuwa Ker wa Luo Union, alizunguka akikusanya pesa, na Kisumu kukajengwa Ofafa Memorial Hall. Mweka hazina alikumbukwa kwa mchango. Sijui kama kuna tanzia nzuri kuliko hiyo.

Mkoloni naye alikuwa na kumbukumbu zake. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, alizingira Nairobi, akawachambua Wakikuyu, Waembu na Wameru, na kuwapeleka kizuizini watu zaidi ya 20,000. Halafu mitaa mipya ikajengwa na kupewa majina: Mbotela, Ofafa Maringo, Ofafa Jericho. Usidanganyike, majina hayo hayakutolewa kwa upendo mtupu. Serikali ilikuwa ikionyesha ni Mwafrika wa aina gani inamtaka. Kwa hivyo Ofafa alikumbukwa mara mbili, na mkono uliotoa ulikuwa tofauti kila mara.

Kwa nini nahangaika na haya? Kwa sababu Januari 2008 nilikuwa mtoto, na mama alituambia tusiongee lugha ya nyumbani kwenye ngazi. Mama Njeri wa mlango wa pili alikuwa amewaambia watoto wake hivyo hivyo. Wiki mbili nzima tulipita hapo kimya, watoto ambao jana tulikuwa tukigombania mpira mmoja. Hakuna mtu mzima aliyetuambia kwamba huku huku Eastlands, wakati wa hatari kuliko huo, watu walikuwa na kila sababu ya kulipiza kisasi na wakaamua kujenga ukumbi.

Siku moja mama aligonga kwa Mama Njeri kuomba chumvi. Chumvi tulikuwa nayo, niliiona kwenye kabati. Mlango ukafunguka.

Kesho makanga akiita Ofafa, shuka kama kawaida. Ila ukimwona mtoto mwenye hiyo sweta, muulize kama anajua. Kama hajui, mwambie.