Gati na Topasi: Historia ya Maji na Vyoo katika Hija za Wahindu

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kiliyapokea kutoka Bara Hindi kwa njia ya bahari, yapo mawili ambayo ni nadra kutajwa pamoja. La kwanza ni gati, ambalo kwa watu wa pwani ni mahali pa kufungia chombo na kushushia shehena. La pili ni topasi, jina alilopewa mtu wa kusafisha vyoo. Huko kwao, ghat ni ngazi za mawe zishukazo mpaka majini. Hapo watu huoga, hufua, hupanda mashua, na katika baadhi ya ngazi hizo huchoma maiti zao. Neno topasi nalo limezunguka sana kabla ya kufika Afrika ya Mashariki. Zamani liliwahusu Wakristo wa uzao wa mchanganyiko waliosema Kireno; baadaye likawa jina la mfagiaji wa merikebu na msafishaji wa vyoo vyake. Asili yake ya mbali zaidi hubishaniwa na wataalamu, lakini maana iliyofika nayo pwani haina ubishi.

Maneno hayo mawili yaweza kuwa muhtasari wa historia nzima, yaani historia ya namna mahujaji wa Kihindu walivyotayarishiwa mahali pa kuoga na mahali pa kujisaidia katika kingo za mto Ganga. Gati zilijengwa mapema, tena kwa fahari. Vyoo vilikuja nyuma, kwa hofu ya maradhi. Topasi alifikiriwa mwisho wa yote.

Yafaa kwanza kueleza hija yenyewe. Mahali patakatifu pa kuzuriwa huitwa kwa Kisanskriti tirtha, neno ambalo maana yake ya awali ni kivuko cha mto. Katika vivuko hivyo mashuhuri sana ni Haridwar, mahali ambapo Ganga hutoka milimani na kuingia katika nchi tambarare, na Prayag, ambapo mto huo hukutana na Yamuna. Kila baada ya miaka 12 hivi hufanyika katika miji hiyo mkutano mkuu uitwao Kumbh, maana yake mtungi. Nao hufanyika pia Ujjain na Nashik. Anayeoga humo katika saa iliyopangwa na wanajimu huamini kwamba dhambi zake zimeoshwa.

Msomaji wa Kiswahili anayo faida katika kulifahamu jambo hili, kwa kuwa lugha yake hutenga twahara na usafi. Nguo yaweza kuwa safi machoni na isiwe twahara. Na vumbi la kutayamamia ni twahara ingawa ni vumbi. Kwa hujaji wa Kihindu maji ya Ganga yana utakatifu usioondolewa na kitu chochote kitumbukiacho ndani yake. Maofisa wa Kiingereza waliotazama mto huo katika karne ya 19 hawakuwa na maneno mawili mawazoni mwao. Waliona maji machafu, wakadhani kwamba watu waliokuwa wakioga hawakujali uchafu. Mengi ya makosa yaliyofuata yalianzia hapo.

Kazi ya kwanza ya serikali ilihusu ngazi. Yapata mwaka 1820, siku ya kuoga huko Haridwar, watu walisongamana katika njia nyembamba ya kushukia mtoni, wakakanyagana hata wakafa watu 430, miongoni mwao askari waliokuwa zamu. Baada ya msiba huo ilijengwa ngazi mpya iliyo pana. Miaka kadhaa baadaye Proby Cautley alipochimba mfereji mkuu wa Ganga, uliofunguliwa mwaka 1854, makuhani wa Haridwar walilalamika kwamba mto mtakatifu ungefungwa. Cautley aliwaachia mwanya katika boma la maji, akatengeneza gati za kuogea, na kazi ikaanzwa kwa ibada ya Ganesh. Hivyo serikali ya kigeni ilijifunza kwamba kujenga gati ni njia ya kupata radhi ya watu. Kujenga choo hakukuwa na sifa ya namna hiyo.

Hija ilikuwa pia chanzo cha fedha. Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya Hindi ilitoza kodi kwa mahujaji wa Puri, Gaya na Prayag mpaka kodi hiyo ilipofutwa mwaka 1840. Wamisionari waliokuwa wakiipinga walisema kwamba serikali ya Kikristo haikupaswa kula mapato ya ibada ya masanamu. Kodi ikaondoka, lakini mahujaji hawakuondoka. Na reli ilipofika, idadi yao ilizidi na safari yao ikafupika. Zamani mgonjwa alikufa njiani kabla ya kufika kwao. Sasa aliweza kufika kijijini akiwa hai, na maradhi yake naye.

Hesabu ya jambo hilo ilidhihirika mwaka 1867. Mwezi wa Aprili mwaka huo umati uliokadiriwa kukaribia watu milioni tatu ulipiga kambi Haridwar. Haiwezi kusemwa kwamba maofisa walikuwa wazembe, maana mahandaki ya choo yalichimbwa, wafagiaji walikusanywa, na mpaka tarehe 11 Aprili afya ya kambi ilikuwa njema. Usiku wa siku hiyo ikanyesha mvua kubwa juu ya watu wasio na paa, ikaosha ardhi yote ya kambi na kuvipeleka mtoni vilivyokuwa juu yake. Asubuhi yake, tarehe 12, ndiyo ilikuwa siku kuu ya kuoga. Mahali pa kuogea palikuwa pamezungushiwa vizuizi, urefu wake kama mita 200 na upana kama mita 9 tu. Humo umati uliingia na kutoka tangu macheo hata machweo, kila mtu akizama na kunywa funda la maji. Siku chache baadaye kipindupindu, ambacho watu wa pwani walikiita waba, kilifuata barabara zote zitokazo Haridwar, kikapita Punjab, kikafika Peshawar na Kabul. Makadirio ya baadaye yalitaja wafu zaidi ya laki moja.

Inafaa kulizingatia tukio hilo, kwa sababu kilichowaua watu hakikuwa kukosekana kwa vyoo peke yake. Vyoo vilikuwapo. Kosa lilikuwa kuvitenga vyoo na gati katika mawazo, kana kwamba maji ya mvua yangeheshimu mpaka uliochorwa na mhandisi. Tena vizuizi vilivyowekwa ili watu wasichukuliwe na mkondo viliwafungia katika maji yaliyotumiwa na wenzao.

Wakati huo wataalamu wenyewe walikuwa wakibishana. Mkutano wa mataifa uliofanyika Constantinople mwaka 1866 ulikuwa umeitaja Bara Hindi kuwa ndiyo makao ya kipindupindu, na hija kuwa ndiyo njia yake kuu ya kuenea. Kwa upande mwingine, wakuu wa afya wa serikali ya Bara Hindi kwa miaka mingi walisita kukubali kwamba maji ndiyo yaliyobeba maradhi. Mwaka 1884 Robert Koch alimpata bakteria wa kipindupindu katika birika la Kalkuta ambalo majirani waliogea na kunywea. Na mwaka 1896 Ernest Hankin, aliyefanya kazi Agra, alitangaza jambo la ajabu, kwamba maji ya Ganga na Yamuna yaliwaua bakteria hao, lakini yakichemshwa yalipoteza nguvu hiyo. Baadaye jambo hilo lilihusishwa na virusi vinavyokula bakteria. Wako waliolishika kama ushahidi kwamba mto hujitakasa. Lakini nguvu hiyo, hata ikiwapo, haikuwakinga waliosongamana ndani ya mita zile 9.

Palipokosekana elimu ya kutosha, amri ilichukua nafasi yake. Mwezi Machi 1892 serikali ya jimbo iliamua kuwatawanya mahujaji waliokusanyika Haridwar kwa sikukuu nyingine, ikawarudisha makwao kabla hawajamaliza ibada. Malalamiko yalisikika nchini kote. Na kipindupindu hakikuzuilika, kwani mwaka huohuo kilipita Afghanistan, Uajemi na Urusi, kikafika mpaka Hamburg. Ilibainika kwamba umati ukifukuzwa hauachi kuwa umati. Kuanzia mwaka 1912 ziliundwa kamati za majimbo za kuchunguza hali ya mahujaji. Nazo ziliandika habari za nyumba za kupanga, za reli, za visima na za vyoo kwa uangalifu ambao haukuwapo kabla yake.

Mahujaji nao walikuwa na hoja yao. Boma jipya la mfereji lilipotishia kupunguza mkondo mbele ya Har ki Pauri, gati kuu ya Haridwar, Madan Mohan Malaviya na wenzake waliongoza upinzani, na mwaka 1916 serikali ikakubali kwamba maji yaendelee kutiririka hapo bila kukatizwa. Serikali iliyachukua madai hayo kuwa ni ya dini tu. Kumbe maji yatiririkayo ndiyo ambayo mtaalamu wa afya angeyachagua kuliko maji yaliyotuama. Katika jambo hili twahara na usafi vilidai kitu kimoja, ila wenye kudai hawakusikilizana lugha.

Mwaka mmoja kabla ya mapatano hayo alifika Haridwar M. K. Gandhi, aliyekuwa amerudi karibuni kutoka Afrika ya Kusini. Kumbh ya 1915 ilikuwa ikihudumiwa na wenye kujitolea, na daktari mmoja miongoni mwao alikuwa amechimba mashimo ya choo, lakini alitegemea wafagiaji wa kulipwa ili kuyahifadhi. Wafuasi wa Gandhi waliotoka naye katika shamba la Phoenix walijitolea kufanya kazi hiyo ya kufukia kinyesi kwa udongo. Kwa mtu asiyejua mila za nchi ile tendo hili ni dogo. Lakini huko kazi ya choo ilikuwa ya urithi, iliyofungwa katika jamii zilizohesabiwa kuwa najisi kwa kuzaliwa. Na kuwa najisi kwao kulitokana na kuondoa uchafu wa wale waliojiita twahara. Mtu wa tabaka jingine aliposhika jembe kando ya shimo, alivunja kitu ambacho kamati na mahandaki ya serikali hayakukigusa.

Hapo ndipo topasi anapoingia rasmi katika historia hii. Hesabu za karne ya 19 zilimtaja kama sehemu ya vifaa, pamoja na majembe na mikokoteni. Zamu ya kubadili kazi yenyewe ilikuja mwaka 1970, Bindeshwar Pathak alipoanzisha huko Bihar shirika la Sulabh. Choo alichokieneza kina mashimo mawili yanayotumiwa kwa zamu. Shimo moja likijaa hufungwa, na vilivyomo hugeuka udongo mkavu usio na madhara, wakati la pili likitumika. Hivyo hapana mtu anayelazimika kuchukua kinyesi kibichi kwa mikono. Mwaka 1974 shirika hilo lilifungua Patna choo na bafu vya umma vya kulipia, na baada ya hapo likajenga vingi vya namna hiyo katika miji ya hija. Kule Shirdi, kwenye kaburi la Sai Baba, vyoo na mabafu vilijengwa mahali pamoja, pakiwa na sehemu ya kuhifadhi mizigo. Maana hujaji asiye na pa kuweka mzigo wake haogi kwa utulivu.

Sheria zilifuata. Kuajiri watu wa kuondoa kinyesi kwa mikono kulipigwa marufuku mwaka 1993 na tena mwaka 2013. Na mwaka 2014 Mahakama Kuu kabisa ya India iliamuru familia za waliokufa ndani ya mifereji ya maji machafu tangu 1993 zilipwe fidia. Kwamba sheria ilihitaji kutungwa mara mbili, na mahakama kuingilia kati, kwaonyesha kina cha desturi iliyokusudiwa kung'olewa.

Katika Kumbh za karibuni tarakimu zimekuwa kubwa mno. Prayag mwaka 2019 serikali ilitangaza kuweka vyoo zaidi ya 120,000, na waziri mkuu wa nchi akawaosha miguu wafanyakazi watano wa usafi mbele ya kamera. Mwaka 2025 vyoo vilitajwa kuwa yapata 150,000. Lakini mwezi Februari mwaka huo halmashauri ya taifa ya kuzuia uchafuzi iliiarifu mahakama ya mazingira kwamba mara kadhaa maji ya mtoni yalizidi kipimo cha bakteria wa kinyesi kilichowekwa kwa maji ya kuogea, yaani 2,500 katika mililita 100. Mkuu wa serikali ya jimbo alikanusha, akasema maji yale yalifaa hata kwa kunywa funda la ibada. Yaani baada ya miaka 158 ubishi ulirudi palepale ulipokuwa Haridwar asubuhi ya tarehe 12 Aprili 1867: vyoo vipo, gati ipo, na katikati yao kuna maji.

Kutokana na historia hii yaonekana kwamba idadi ya vyoo haiwezi kuwa kipimo cha pekee cha huduma kwa mahujaji. Kipimo cha kwanza ni maji atakayoogea hujaji wa mwisho siku ya msongamano. Kipimo cha pili ni hali ya yule anayebaki kambini umati ukishaondoka, mwenye fagio mkononi na malipo ya kutwa. Kiswahili kiliyapokea maneno gati na topasi katika bandari zake bila kuuliza yalikuwa na uhusiano gani kwao. Uhusiano ulikuwapo, nao ni huu, kwamba twahara ya aliyeshuka kwenye gati ilisimama, na kwa sehemu kubwa bado imesimama, juu ya mabega ya topasi.