Tarehe ya Upasuaji Rekebishi, kutoka Kilimanjaro hadi Chanzuru

Wako wanaoshikilia kwamba upasuaji rekebishi katika Afrika Mashariki ni mtoto wa Nairobi. Tarehe haiwaungi mkono. Mwaka 1956 mabingwa watatu waliketi chini ya Kilimanjaro, katika ardhi ya Tanganyika, wakapanga huduma ya madaktari wa ndege iliyoanza 1957, ambayo leo ni shirika la afya la Amref. Mkubwa wao alikuwa Archibald McIndoe. Michael Wood alikuwa mwanafunzi wake. Wa tatu ni Tom Rees, Mmarekani. McIndoe naye alilelewa kikazi na jamaa yake, daktari wa upasuaji Harold Gillies. Huyu McIndoe hapitwi hivi hivi. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, huko East Grinstead, Uingereza, aliletewa marubani walioungua nyuso na mikono. Matibabu ya siku zile yalikuwa asidi ya taniki, iliyofanya gamba gumu juu ya kidonda hata vidole vikakakamaa. McIndoe akaona kwamba walioangukia baharini wanapona vizuri kuliko walioangukia nchi kavu. Akaipiga vita taniki, akawaogesha wagonjwa kwa maji vuguvugu ya chumvi. Wakubwa walibishana naye, lakini vidole vilivyokunjuka vilimaliza ubishi.

Atasema mtu: mpango ulikuwa wa Kilimanjaro, ila ndege na redio zilikuwa Nairobi. Ni kweli, na Nairobi ipewe sifa yake. Lakini ndege hurudi ilikotoka. Ufundi hukaa pale unapofundishwa. Na hapo pia Tanzania ina hoja, kwani COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa ukanda huu kilichoundwa 1999, kina makao Arusha. Mwanafunzi wake husomea wodini na katika chumba cha upasuaji, miaka 2 ya msingi na 3 ya ubingwa, chini ya mkono wa mkuu wake, vilevile kama Wood alivyofunzwa. Wengine watasema mabingwa wa Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wanatosha. Lakini tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta liliwaka Msamvu, Morogoro. Waliofariki walizidi 100, na majeruhi wengi wakakimbizwa Dar es Salaam. Aliyeungua Chanzuru, kwenye mkoa huohuo wa Morogoro, yuko mbali zaidi, na ngozi ikichelewa kupandikizwa, kovu hukaza kiwiko kisinyooke tena. Kwa hiyo wanaosomea ubingwa wapangiwe zamu katika hospitali za mikoa, Morogoro ikiwamo, wakiwa na wakuu wao. Bila hivyo, fahari ya Kilimanjaro haimfai kitu mgonjwa wa Chanzuru.