Taa za Omena Mbita

Usiku wa giza, Ziwa Victoria mbele ya Mbita, Kenya, kati ya visiwa vya Rusinga na Mfangano, huwaka taa kama mji. Ni wavuvi wa omena. Taa hufungwa juu ya kielea cha mbao, mwanga wake huwavuta wadudu na samaki hao wadogo, kisha wavu huzungushwa. Mbalamwezi ikichomoza, omena hutawanyika na kazi hulala.

Kwa miongo mingi taa hiyo ilikuwa karabai. Mafuta ya taa hushindiliwa kwa pampu na joto huyageuza mvuke, nao mwali hung'arisha kifuko cha kitambaa kilicholoweshwa chumvi za madini, uvumbuzi ulioanzishwa mwaka 1885 na mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach. Kifuko kikishaungua hubaki jivu tupu lenye umbo la kitambaa, na rasharasha moja ya wimbi hutosha kukivunja. Mafuta humwagika ziwani yanapojazwa gizani. Moshi huwaingia wavuvi. Zaidi ya yote, bei ya mafuta hukatwa kwanza, kabla mapato ya usiku hayajagawanywa.

Mwaka 2008 kampuni ya Osram ilifungua Mbita kituo cha kuchaji betri kwa umeme wa jua. Jina Osram lilisajiliwa mwaka 1906 na kampuni ya Auer yuleyule. Ukoo uliowasha karabai ndio uliokuja kuizima.

Mvuvi aliweka amana, akachukua taa na betri, na kila aliporudi alilipia chaji tu. Kwa kuwa betri ilibaki mali ya kituo, iliyochakaa ilirudishwa badala ya kutupwa ufukoni. Kwa mazingira, mpango huo una uzito zaidi kuliko taa yenyewe.

Viwanda navyo vilikuwa vimeanza kubadilika mapema zaidi. Kampuni ya Nichia ya Japani ilipotoa LED ya buluu yenye mwanga mkali mwaka 1993, LED nyeupe ikawezekana, na taa ikahitaji umeme kidogo na betri nyepesi. Tangu 2019 shirika la WeTu, lililoanzishwa na wakfu wa Siemens Stiftung, limeendeleza ukodishaji wa taa kutoka vituo vyake vya jua kandokando ya ziwa.

Lakini taa safi haiongezi samaki. Upande wa Kenya uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaliane, na miezi hiyo kila taa ya omena, ya mafuta au ya jua, inapaswa kubaki nchi kavu.