Mwanya wa Skafolunati

Mtu akiteleza na kujikinga kwa kiganja, mara nyingi kinachovunjika ni mwisho wa radiasi, mfupa wa kigasha ulio upande wa dole gumba. Abraham Colles, daktari mpasuaji wa Dublin, aliueleza mvunjiko huo mwaka 1814, miaka 81 kabla ya eksirei kugunduliwa. Siku hizi picha huuonyesha waziwazi, na hapo ndipo kosa linapoingia: mvunjiko ukishaonekana, jicho hutosheka. Ligamenti iliyochanika jirani yake haitokei kwenye eksirei.

Nasema ligamenti, si kano. Wengi huita kano vitu vyote viwili, kile kinachofunga msuli kwenye mfupa na kile kinachofunga mfupa kwa mfupa. Barazani hakuna ubaya. Kwenye cheti cha mgonjwa, hiyo ni tofauti kati ya kidole kisichokunjika na kifundo cha mkono kilicholegea. Kano ibaki na msuli wake.

Kifundo hicho kina mifupa midogo minane. Miwili kati yake, skafoidi na lunati, imeshikanishwa na ligamenti fupi ambayo sehemu yake imara zaidi ipo upande wa nyuma ya kiganja. Ikikatika, mifupa huachana, na nafasi inayozidi milimita 3 hutia shaka. Kwa Kiingereza dalili hiyo ilipewa jina la Terry-Thomas, mchekeshaji wa filamu aliyekuwa na nafasi kati ya meno yake ya mbele. Sisi hatuna haja ya kumwazima mtu: nafasi ya meno hayo ni mwanya, na mwanya wa skafolunati unaeleweka bila maelezo.

Hata hivyo, istilahi hii isitwishwe mzigo usio wake. Mwanya ni dalili. Jeraha ni mchaniko. Ligamenti inaweza kuchanika na mkono uliotulia usionyeshe mwanya wowote, mpaka ngumi ikazwe. Napendekeza tuseme mwanya tuli na mwanya wa mkazo. Tatizo ni kwamba aliyevunjika leo hawezi kukaza ngumi kwa maumivu, na wapo watu wenye mwanya mpana tangu zamani bila madhara, ndiyo maana mkono wa pili nao hupigwa picha. Mpasuaji makini hutazama pia ufa wa radiasi: ukiingia kwenye kiungo pale skafoidi na lunati zinapokutana, shaka huongezeka. Kwenye picha ya ubavuni hupima pembe ya mifupa hiyo miwili, ambayo kwa kawaida ni digrii 30 hadi 60. Ikipita 70, lunati imeinamia nyuma.

MRI husaidia, ingawa mchaniko mdogo huweza kuiponyoka. Kipimo cha kuaminika zaidi ni athroskopi, kamera nyembamba inayoingizwa ndani ya kiungo. Mwaka 1996 Geissler na wenzake waliitumia kwa wagonjwa waliovunjika radiasi, wakaipanga michaniko katika daraja nne.

Pasipo kamera hiyo, ripoti iandikwe kwa kadiri ya kilichoonekana. “Ligamenti ni nzima” ni maneno ambayo eksirei haiwezi kuyathibitisha. Yatosha kuandika: hakuna mwanya tuli, mwanya wa mkazo haujapimwa, apigwe picha tena, ngumi ikiwa imekazwa, hogo likishatolewa.