Dawa za sukari zinazolinda moyo na figo

Barazani kwetu mwenye kisukari huulizwa swali moja tu: "Sukari yako leo ngapi?" Akijibu saba, twasema alhamdulillahi, kahawa inaendelea. Lakini wengi wenye kisukari cha aina ya pili huangushwa na moyo au figo, na kipimo cha kidole hakisemi lolote kuhusu viungo hivyo.

Kwa miaka mingi dawa zilisifiwa kwa kuteremsha sukari tu. Mwaka 2015 ukatoka utafiti wa empagliflozini, inayouzwa kwa jina la Jardiance. Kati ya wagonjwa zaidi ya 7,000 wenye maradhi ya moyo na mishipa, vifo vya maradhi hayo vilipungua kwa asilimia 38 kuliko kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Chimbuko la jamii hii ni kitu kilichotolewa kwenye gamba la mtufaha mwaka 1835. Tufaha la Kizungu, si hili letu la uani.

Zafanyaje kazi? Figo huchuja damu, kisha huirudisha sukari mwilini. Dawa hii hufunga mlango huo wa kurudia, sukari ikatoka na mkojo pamoja na chumvi na maji kidogo. Presha ndani ya vichujio vya figo hushuka, na moyo hupunguziwa mzigo. Nduguze ni dapagliflozini na kanagliflozini. Shirika la Afya Duniani liliingiza kundi hili katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021.

Kundi la pili ni sindano, kama liraglutaidi na semaglutaidi. Hii ya pili wengi waijua kama Ozempic ya kupunguza mwili, jambo linaloniudhi, kwani mwaka 2024 ilithibitika kupunguza madhara makubwa ya figo kwa asilimia 24 kwa wagonjwa wa kisukari ambao figo zao tayari zilikuwa na maradhi.

Bei ndiyo kikwazo. Hata hivyo, mwenye uwezo wa kununua kidonge asingoje mpaka afike kwenye mashine ya kusafisha damu. Wala metformini isitupwe. Ni rahisi na bado yafaa, ila figo zikidhoofika sana daktari huisimamisha.

Vidonge hivi vina masharti. Huweza kuleta fangasi sehemu za siri, na mwenye kisukari cha aina ya kwanza asijianzishie, kwani asidi yaweza kumjaa kwenye damu hata sukari ikiwa si ya juu sana. Ukitapika au kuharisha, visimamishe umpigie daktari. Kuhusu Ramadhani, usianze kuvitumia siku chache kabla ya mwezi kuandama; aliyekwisha kuvizoea kwa kawaida huambiwa anywe wakati wa futari, na maji mengi usiku. Anayechanganya na insulini azungumze na daktari mapema, dozi ipangwe upya.

Kliniki ijayo omba vipimo viwili: albumini kwenye mkojo na kreatinini kwenye damu. Vyatakiwa angalau mara moja kwa mwaka, hata kama huumwi popote.